Mashine Zetu Kuukuu Zipewe Mfumo Gani?

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu machache juu ya zile kompyuta kuukuu zilizomo katika chumba cha mwisho karibu na maktaba. Jambo hili limezungumzwa sana mabwenini tangu tulipotangaziwa paredi ya asubuhi kwamba mwisho wa mwaka mali chakavu za shule zitaorodheshwa ili zifutwe katika daftari. Wako wasemao heri ziende zao, maana zinakula nafasi bure. Wako wasemao zitiwe Linux nyepesi zifanye kazi tena. Lakini ukiwauliza Linux ipi, huyu hutaja hii na yule hutaja ile, wakashindana mpaka kengele ya kuzima taa. Mimi ni mmoja wa hawa wa pili. Ila naona mashindano yetu yamekaa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa tunagombea majina ya mifumo hali mashine zenyewe wengi hatujazitazama.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu sana, lakini nadhani aliyesema neno hilo hakupata kulima mteremko wa Ileje kwa jembe lililolegea mpini. Kuchagua kupo, na kuna kuchagua kwa ulimbwende na kuchagua kwa kazi. Mimi nataka tuchague kwa kazi.

Kwa faida ya wazazi wetu wasomao gazeti hili, nieleze kidogo. Kompyuta ikiwashwa, programu ya kwanza kubwa kuamka ni mfumo wa uendeshaji. Huo ndio utawalao kibodi, kioo, diski na kumbukumbu, na programu nyingine zote huomba ruhusa kwake. Pasipo mfumo huo, kompyuta ni sanduku la bati lenye nyaya. Mfumo ujulikanao zaidi kwetu ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Finland, naye alikuwa na umri wa miaka 21, yaani alinizidi mimi miaka minne tu. Aliitoa kazi yake watu waisome, waitengeneze na kuigawa, na maelfu ya watu wakaongeza yao. Hivi leo yako makundi mengi, na kila kundi huichukua Linux ile ile, likaifunga pamoja na programu lizipendazo, likaipa jina. Ni kama kahawa yetu ya Ileje: buni ni ile ile, bali kila mwuzaji ana mfuko wake na picha yake. Debian, Ubuntu, Mint, Puppy, antiX na nyingine nyingi, yote hayo ni majina ya mifuko. (Neno Ubuntu ni ndugu wa neno letu utu, na aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.)

Sasa nije kwenye mashine. Mwezi wa pili, kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa klabu, wenzangu watatu nami tulizifungua zote 11, tukazifuta vumbi na kuziwasha moja moja. Tatu haziwaki kabisa. Hizo zimekuwa ghala la vipuri. Tatu zina prosesa ya Pentium 4 na kumbukumbu ya megabaiti 512. Tano zilizobaki zina Core 2 Duo, nne kati yake zikiwa na gigabaiti 2 za kumbukumbu na moja ikiwa na gigabaiti 1. Pentium 4 zilianza kuuzwa mwaka 2000, na Core 2 mwaka 2006. Kwa hiyo baadhi yake zimetupita umri sisi tuzitumiao.

Tulijuaje haya? Si kwa kusoma vibandiko vya nje, maana vibandiko hudanganya. Mashine moja ilikuwa na kibandiko cha ukoo mwingine kabisa. Tuliziwasha kwa diski ya DVD yenye Linux, bila kugusa kilichokuwa ndani, tukaandika amri mbili: lscpu, ambayo huonyesha prosesa, na free -m, ambayo huonyesha kumbukumbu. Katika majibu ya ile ya kwanza kuna mstari usemao kama prosesa ni ya biti 32 peke yake au yaweza 64 pia. Huo mstari mmoja una thamani kuliko ubishi wote wa bweni letu. Prosesa ya biti 32 hupiga hesabu kwa mafungu madogo, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya biti 64 haiwezi kuendeshwa nayo hata ukiisihi. Zile Pentium 4 zetu zote tatu ni za biti 32. Core 2 Duo zote ni za 64.

Ukiisha kujua hayo, majina mengi huanguka yenyewe. Lubuntu, ambayo rafiki yangu wa kitanda cha juu huisifu sana, tangu mwaka 2019 haitoi tena toleo jipya la biti 32. Mint ni nzuri ya kupendeza macho, nami sina ugomvi nayo, lakini yataka gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa uchache, na watengenezaji wenyewe washauri 4. Edubuntu jina lake huwavuta walimu kwa sababu imefanywa kwa ajili ya shule, na ilifufuliwa mwaka 2023 baada ya kulala miaka mingi; hiyo nayo ni nzito kwetu. Kuipandisha juu ya Core 2 Duo ya gigabaiti 1 ni kufunga lumbesa juu ya baiskeli ya mtoto. Hata Debian yenyewe, mama wa nyingi katika hizi, ilipotoa toleo lake la 13 mwezi wa Agosti 2025 iliacha kutoa kisakinishi na kiini cha Linux kwa biti 32. Toleo la 12 la mwaka 2023 ndilo la mwisho, nalo limepangiwa kutunzwa mpaka Juni 2028.

Wako wanaoipigania Puppy. Yafaa niwajibu kwa adabu, maana wana hoja. Puppy ilianzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, na ina tabia ya ajabu: hujimwaga yote ndani ya kumbukumbu, ikaacha diski ipumzike. Mashine ambayo diski yake imekufa yaweza kufanya kazi kwa Puppy kana kwamba haina kilema. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake nyumbani ni chaguo la akili. Lakini sisi tu wanafunzi wengi kwa mashine moja, na desturi ya Puppy ni kwamba kila aketiye mbele yake ndiye bwana mkubwa wa mfumo mzima, mwenye ruhusa ya kufuta lolote. Nani asiyekijua kidato cha kwanza? Kabla ya Ijumaa hapatakuwa na kitu. Tiny Core nayo ni ndogo mno, yaenea katika makumi machache ya megabaiti, lakini huja karibu tupu, na programu zake huletwa moja moja kwa intaneti. Intaneti yetu ni simu ya mwalimu.

Mimi napendekeza antiX 23, iliyotoka mwaka 2023. Kazi hii ilianzia Ugiriki, nayo imejengwa juu ya Debian 12. Hutolewa ya biti 32 na ya biti 64, sura yake ikiwa moja katika zote mbili, na watengenezaji washauri kumbukumbu ya megabaiti 512 kwa uchache, ambayo ndiyo tuliyo nayo katika zile dhaifu. Kila mwanafunzi hupewa jina lake na neno lake la siri, na hawezi kuingilia cha mwenzake wala kuharibu mfumo. Wepesi wake hautoki kwenye uchawi. Mifumo mizito hutumia kumbukumbu nyingi kwa mapambo ya kioo, vivuli vya madirisha na watumishi wengi wanaokaa tayari nyuma ya pazia wakingoja kuitwa. antiX hutumia meneja mdogo wa madirisha aitwaye IceWM, ikawaondoa wengi wa watumishi hao.

Sitaki kuificha aibu yake. Si nzuri kwa sura. Menyu zake zimejaa majina yasiyojieleza, na mtu wa mara ya kwanza hupotea humo kama mgeni katika ukungu wa Bundali. Tena haitumii systemd, kwa hiyo amri nyingi zilizoandikwa katika vitabu vya Linux vya siku hizi kwa kuanzisha na kuzima huduma hazifanyi kazi humo. Tuliumiza kichwa jioni nzima kabla ya kulijua hilo. Atakayesema mfumo huu ni mbaya kwa macho nitamwambia kweli. Atakayesema kwa sababu hiyo haufai, nitamwomba anionyeshe mwingine utakaokaa katika mashine zote nane bila kubagua.

Na hapa ndipo penye neno kubwa, ambalo naona wenzangu hulipita haraka. Wengi wasema: kwa nini tusiweke Mint katika zile nne zenye gigabaiti 2, Puppy katika zile tatu dhaifu, na kitu kingine katika ile moja? Kila mashine ipewe kinachoifaa zaidi. Maneno haya yaingia akilini ukiwa umekaa na karatasi. Lakini jiulize, zikiharibika nani atazitengeneza? Mwalimu wa kompyuta ni mmoja, tena anafundisha hisabati vidato viwili. Fundi wa karibu yuko mbali, na nauli yake huzidi bei ya kipuri. Watengenezaji ni wanafunzi, na wanafunzi huondoka. Sisi tutafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, tena basi. Ikiwa tutawaachia kidato cha pili mifumo mitatu, tutakuwa tumewaachia mafumbo matatu. Mfumo mmoja, hata kama katika mashine nyingine si bora kabisa, waweza kufundishwa kwa Jumamosi chache, na aliyejua kutengeneza mashine ya dirishani atajua ya mlangoni.

Nchi yetu yenyewe ilikwisha liona jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kutia hesabu za Serikali katika mashine kuleta hasara na vurugu. Wengi tukisikia hayo twacheka, twasema wazee waliogopa mashine. Sidhani waliogopa. Mashine zilikuwa zimenunuliwa. Watu wa kuzitunza na kuzijua walikuwa wachache mno. Nasi tukijaza chumba chetu mifumo ambayo hapana mtu aijuaye, tutarudi pale pale kwa udogo wetu.

Kuna mifano ya upande wa pili pia. Namibia walikuwa na SchoolNet, iliyoanza mwaka 2000, ambayo ilitia Linux katika shule nyingi kwa kutumia kompyuta zilizokwisha tumika. Njia yao moja ilikuwa kuweka mashine yenye nguvu katikati, na zile dhaifu zikawa vioo na kibodi tu za ile kubwa. Kenya, tangu mwaka 2002, Computers for Schools Kenya wamekuwa wakikusanya kompyuta zilizoachwa na maofisi, wakizitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Na hapa kwetu, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huru kufunguliwa na kutafsiriwa pasipo kuomba ruhusa ng'ambo. Kazi ile haikuendelea kwa nguvu ile ile, na leo menyu tunazoziona ni za Kiingereza, jambo linalonisikitisha, lakini aliyeanza amekwisha onyesha kwamba yawezekana. (Walikuwa na kazi ya kuunda maneno. Wengine husema tarakilishi, wengine ngamizi. Soko la Itumba husema kompyuta, nami nafuata soko.)

Ile njia ya Namibia ya mashine moja kubwa tuliijadili klabuni. Niliipinga, kwa kuwa siku mashine kubwa ikiugua, chumba kizima kitalala. Hata hivyo kuna namna ndogo ya jambo hilo ambayo yatufaa. Kuna programu iitwayo Kiwix ambayo huhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili, na vitabu vingine vingi, katika faili moja linalosomeka bila intaneti. Tukiiweka katika Core 2 Duo moja yenye diski nzima, yaweza kuwagawia wengine wote kwa waya, hata zile Pentium 4, kwa kuwa kurasa zake ni nyepesi. Ile ikizimika, nyingine hazina maktaba, lakini bado zinaandika na kupiga hesabu.

Nasema hivyo juu ya intaneti kwa makusudi. Wengi hudhani mfumo mwepesi utaifanya kompyuta kuukuu ifungue kila kitu kama mpya. La. Ukiisha weka antiX, mlaji mkubwa wa kumbukumbu ni kivinjari, na kivinjari hula kwa sababu kurasa za leo zimejazwa picha, matangazo na programu ndogo ndogo. Hakuna Linux duniani itakayoifanya kurasa nzito iwe nyepesi. Tena milango inafungwa: Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox imeacha kuitoa kuanzia toleo lake la 145 la Novemba 2025. Kwa hiyo zile Pentium 4 tatu tusizipangie intaneti kabisa. Kazi yake iwe kufundishia kuandika kwa vidole kumi, kuandika insha katika LibreOffice, na kujifunza kupanga programu kwa lugha ya Python. Kwa kazi hizo zitatutumikia vizuri. Core 2 Duo zaweza kuongezewa GeoGebra kwa hisabati na Kalzium, ambayo ni jedwali la elementi lililo hai, kwa wale wa kemia.

Sasa hoja ambayo najua walimu na wazazi wanayo mdomoni: mtihani na maofisi hutumia Windows na Word, mbona mnawafundisha watoto kitu kingine? Hoja hii ni nzito, nami siichezei. Wanafunzi wa somo la kompyuta wana zile mashine mbili mpya kidogo, na maoni yangu ni kwamba zibaki na Windows, zitumike kwa mazoezi ya mtihani peke yake. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, na ajuaye kupanga jedwali katika moja hushinda katika nyingine kwa saa chache. Katika programu ya kutunza kumbukumbu za data tofauti ni kubwa zaidi. Humo Base ya LibreOffice na Access ya Microsoft si ndugu wa tumbo moja, na mwanafunzi wa mtihani asidanganywe. Lakini wanafunzi wa somo lile ni wachache. Sisi wengine mamia hatuna mashine yo yote. Kwetu sisi swali la Windows au Linux halijafika. Swali letu ni kibodi au hapana kibodi.

Tena hiyo Windows wanayoitaja ni ipi? Windows XP iliachwa na wenyewe mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizikubali mashine zetu kuukuu kwa masharti yake ya kawaida. Inayobaki ni ile inayouzwa mitaani katika flashi, iliyovunjwa kufuli, ambayo huja na virusi wake kama mbuzi wa mnadani ajavyo na kupe. Wote tumeona flashi iliyotoka kuchapishiwa kazi dukani ikirudi na mafaili yamefichwa na vijialama vya ajabu mahali pake. Virusi wa namna hiyo wameandikiwa Windows. Ndani ya Linux hukaa tu kama makapi, hawawezi kuota. Na zaidi ya hayo, kuinakili Windows ile ni wizi, hata kama kila mtu anafanya. antiX twaweza kuinakili mara elfu kwa haki. Tuliipakua mara moja, tukaipima kwa amri ya sha256sum tukahakikisha faili limefika zima, na nakala hiyo moja imetosha mashine zote za aina yake.

Juu ya fedha sitakuwa na maneno mengi. Wazazi wakikutana, nawasihi wasikubali kununua kipuri cho chote kwa ajili ya zile Pentium 4, isipokuwa ile betri ndogo ya saa mfano wa sarafu. Betri hiyo ikifa, kompyuta husahau tarehe kila izimwapo, na tarehe ikikosewa kurasa za intaneti hukataa kufunguka, watu wakadhani mfumo umeharibika. Shilingi zilizopo ziende kwa zile tano. Kumbukumbu za DDR2 zilizotumika hupatikana Tunduma na Mbeya kwa mafundi. Na kama fedha itaruhusu diski moja tu ya SSD kwa mwaka, hata ndogo, mashine itakayoipata itafunguka kwa namna ambayo kumbukumbu peke yake haiwezi kuifanya. Umeme nao una gharama: Pentium 4 na kioo chake kikubwa cha zamani hula wati 150 au zaidi, na LUKU ya shule yatuhusu sote. Ndiyo sababu nashauri zile tatu ziwashwe kwa vipindi, zisiachwe zikiunguruma mchana kutwa. Umeme ukikatika ghafula, na huku kwetu hukatika, Linux hujirekebisha yenyewe mara nyingi, lakini insha isiyohifadhiwa haina wa kuirekebisha. Tumeiagiza LibreOffice ijihifadhi kila baada ya dakika 2.

Zile mashine tatu zisizowaka sizipiganii. Tukiisha kutoa vipuri, zifutwe kama sheria itakavyo, lakini zisitupwe jalalani wala kuchomwa moto pamoja na majani, kwa maana ndani yake mna risasi na vitu vingine vya sumu, na mvua zetu hushuka mpaka mito ambayo watu hunywa. Nane zilizobaki ndizo ninazoomba zisitiwe katika orodha.

Ninachoomba kwa Mkuu wa Shule ni neno moja: chumba kifunguliwe Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na moja, na ufunguo wa pili akae nao kiranja wa maktaba, si mmoja wetu wa kidato cha nne. Kidato cha pili wamekwisha jiandikisha wanane, watano wasichana na watatu wavulana, na kila mmoja ameahidi kuiweka antiX kwa mkono wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Wa kwanza ameifanya Jumamosi iliyopita, ikamchukua saa moja na robo, kwa kuwa mashine hizi za zamani hazikubali kuwashwa kwa flashi, ikambidi kwanza ageuze mpango wa kuwashia ili isome DVD. Amri alizotumia ameziandika kwa Kiswahili katika karatasi iliyobandikwa ukutani. DVD mbili, moja ya biti 32 na moja ya biti 64, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Atakayezitaka kwa kompyuta ya nyumbani kwao, aandike jina lake daftarini na kuzirudisha Jumatatu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Itumba.